Mkungu wa Ndizi wa Profesa Senbet

Nikirudi nyumbani Nyacheki, Gusii, kwenye kituo cha kuuzia majani chai huwa siponi maswali. Mara ya mwisho mzee mmoja, ameegemea kikapu chake akisubiri karani afungue mizani, aliniuliza: "Mwalimu, wewe uliyesomea pesa miaka hiyo yote, zako ziko wapi?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ingawa kwa kuchelewa kidogo.

Kuhesabu kilichoingia na kilichotoka ni kazi ya mhasibu. Sisi tunaofundisha fedha za kampuni tunashughulika na yale ambayo bado hayajaamuliwa: kampuni itoe wapi mtaji, iwekeze katika nini, na faida ikipatikana igawiwe au ibaki ndani. Na nyuma ya hayo yote kuna swali la nani anaamua, kwa pesa za nani.

Nikitaka kuonyesha jinsi mtu anavyoweza kumaliza maisha yake ya kazi ndani ya maswali hayo, humtaja Lemma Senbet. Ni mzaliwa wa Ethiopia. Shahada ya kwanza aliipatia Addis Ababa, ya pili Los Angeles, na uzamifu Buffalo katika jimbo la New York. Alifundisha Wisconsin, kisha mwaka 1990 akahamia Chuo Kikuu cha Maryland. Kati ya 2013 na 2018 alikuwa hapa Nairobi akiongoza AERC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1988 kuwanoa watafiti wa uchumi wa Afrika. Lakini jina lake lilikuwa limeshajengwa zamani, na lilijengwa na ubishi.

Ubishi wenyewe unaeleweka vizuri kwa mkungu wa ndizi, na Gusii hatuna uhaba wa mikungu. Mwaka 1958 Franco Modigliani na Merton Miller waliandika kwamba, pasipokuwa na kodi wala gharama nyingine, thamani ya kampuni haibadiliki kwa sababu imekopa au haikukopa. Mkungu ni ule ule. Vichane hivi umpe mwenye hisa, vile umpe aliyekukopesha, ndizi haziongezeki hata moja. Tatizo ni kwamba kodi ipo. Kenya hutoza faida ya kampuni asilimia 30, na riba ya mkopo huondolewa kabla kodi haijapigwa. Kwa hiyo anayekopa zaidi anapunguza kichane cha serikali. Mbona basi kampuni zisikope hadi utosini?

Vitabu vilijibu kwamba zinaogopa gharama za kufilisika: mawakili, wateja wanaokimbia, mashine zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1978, katika Journal of Finance, Senbet na mwenzake Robert Haugen walilikataa jibu hilo. Walisema watu wanachanganya mambo mawili. Kufilisika ni mali kuhama kutoka kwa wenye hisa kwenda kwa wanaodai. Kuivunja kampuni ni uamuzi mwingine kabisa. Mashine haijui imebadilisha bwana. Kama kiwanda kina faida kikiendelea kusaga, bwana mpya atakiendesha. Kama hakina, kingevunjwa hata kama hakidaiwi senti. Na mahakama ikiwa ghali, wanaodaiana watakaa chini na kumalizana nje yake.

Naipenda hoja hiyo kwa jinsi ilivyo safi. Kisha naifikiria Mumias. Kampuni ile ya sukari, iliyoingia soko la hisa mwaka 2001, iliwekwa chini ya mrasimu na benki ya KCB Septemba 2019. Desemba 2021 ikakodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda, na kesi zikafuata, moja juu ya nyingine. Kumalizana nje ya mahakama hakukutokea, na muwa ukishakomaa shambani haumsubiri hakimu. Hilo halimwondolei Senbet sifa: nadharia yake ndiyo inayotuonyesha pa kutazama, yaani kwenye vile vizuizi vinavyowanyima wanaodaiana nafasi ya kuelewana.

Baadaye alizama katika shida ya uwakala, iliyopata umbo lake la kisasa kwa makala ya Michael Jensen na William Meckling ya mwaka 1976. Ukimkabidhi mtu mali yako aiendeshe, atajali mambo yake pia, na kumchunga kuna gharama. Mwaka 1985 Senbet, Haugen na Amir Barnea walitoa kitabu kizima juu ya mikataba ya fedha inayoweza kupunguza gharama hiyo, kwa mfano kumpa meneja haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyowekwa leo.

Hapa ndipo nilipomrudia mzee wangu. Mkulima wa chai ana hisa katika kampuni ya kiwanda, iwe Nyamache, Itumbe au Kiamokama. Kampuni hizo za viwanda, 54 nchini, ndizo zinazoimiliki KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo. KTDA nayo inaviendesha viwanda hivyo hivyo kwa ada. Kwenye karatasi, mzee ni bosi wa bosi wake. Kwenye mizani anapokea malipo ya kila mwezi, kisha anangoja Oktoba atangaziwe bonasi.

Kwetu vyuoni, kuyaandika mambo kama haya ndiko kunakompandisha mtu kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na hatimaye profesa. Mvi hazihesabiwi. Zinahesabiwa makala zilizosomwa na wenzako wasioonyeshwa jina lako, wakazirudisha zimejaa wino, nawe ukaandika upya. 

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza: "Na huyo anayemchunga wakala, yeye anachungwa na nani?" Nikamwambia hilo huwa tunaliweka kwenye mtihani wa mwaka wa nne.

"Waliofaulu ni wangapi?" akasema, akainua kikapu chake kwenye mizani.