Kinywa Kikavu: Adui wa Mpiga Tarumbeta

Jua la Januari likiwa utosini, bendi ya matarumbeta hupanda taratibu njia ya vumbi kuelekea kaburini, huko Njoro, Bahati au Subukia. Jeneza liko mbele, wafiwa wako nyuma. Wimbo wa kwanza hutoka vizuri, na wa pili vilevile. Kisha, penye kaburi lenyewe, watu wote wakiwa wamenyamaza wakingoja sauti ya tarumbeta moja tu, mpigaji huona ulimi wake umegandamana na kaakaa na midomo imekuwa kama karatasi. Badala ya sauti hutoka upepo mtupu. Hakuna amlaumuye waziwazi, lakini mazishi hayarudiwi, na yeye mwenyewe hulikumbuka jambo hilo miaka mingi.

Jambo hili huwapata hata mafundi hodari, na sababu zake zajulikana. Tarumbeta, tromboni na tuba hazina nyuzi, wala hazina tete kama zumari. Kinacholia ni midomo ya mpigaji. Pumzi hupita kati ya midomo iliyobanwa, nayo hutetemeka mara mia kadhaa kwa sekunde moja. Shaba huikuza tu sauti hiyo. Mate machache hufanya kazi ileile ifanywayo na mafuta katika ekseli ya mkokoteni. Yakikosekana, midomo hukwaruzana, na mpigaji kwa hofu yake hukikandamiza chombo kwa nguvu zaidi. Hapo huzidisha taabu, maana damu hukosa kupita vema na midomo huchoka upesi.

Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Hutoka hasa katika jozi tatu za matezi, zilizo karibu na masikio, chini ya taya, na chini ya ulimi. Basi, kwa nini mate mengi hivyo yatoweke saa ileile yanapohitajiwa?

Sababu ya kwanza ni mahali. Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, uko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na katika miezi ya kiangazi hewa yake ni kavu sana. Zamani, ziwa lilipopungua, upepo uliinua vumbi la magadi kutoka ufukweni. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda na kuifunika sehemu kubwa ya ufuko huo, lakini vumbi la njia za mashambani lingalipo. Wapigaji wa pwani, ambako ngoma ya beni ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, walipulizia katika hewa yenye unyevu. Mpigaji wa Bonde la Ufa hana bahati hiyo.

Sababu ya pili ni hofu, nayo ndiyo kubwa. Mtu aogopapo, mwili hujiandaa kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, na mate huwa machache na mazito. Karani aliyesimama kusoma taarifa mbele ya mkutano ayajua haya vizuri. Dawa yake si kujilaumu bali ni kupumua. Kati ya wimbo na wimbo, mpigaji na afumbe kinywa, avute pumzi polepole kwa pua, na aitoe polepole zaidi. Akiacha kinywa wazi huku akingoja zamu yake, hukikausha mwenyewe.

Maji nayo yana wakati wake. Kunywa chupa nzima dakika tano kabla ya gwaride hakufai kitu ila kumtaabisha mtu aliyekatazwa kuondoka mstarini. Yafaa kuanza tangu asubuhi, kidogo kidogo, na wakati wa kazi kunywa funda moja moja. Soda na chai yenye sukari nyingi si badala ya maji. Utamu wake huingia ndani ya chombo pamoja na pumzi, na vali hunata. Peremende zina ubaya uleule. Pombe na sigara hukausha kinywa, na katika jambo hili bendi za Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921, zina faida, kwa kuwa wanajeshi wake huahidi kujiepusha na vyote viwili.

Ukavu ukija ghafula katikati ya wimbo, iko njia isiyohitaji chupa. Mpigaji auma ukingo wa ulimi taratibu, au awaza embe bichi lililotiwa chumvi na pilipili. Asicheke mtu. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa usagaji wa chakula mwilini, alionyesha kwamba mbwa hutokwa na mate kwa dalili tu ya chakula kinachokuja. Kuifikiria ndimu kwatosha. Kuinyonya kila siku huharibu meno. Nayo meno ya mpigaji ndiyo nguzo ya midomo yake.

Wako pia ambao ukavu wao hautokani na jua wala hofu. Dawa nyingine za mafua na za shinikizo la damu hupunguza mate, na kinywa kikavu pamoja na kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara huweza kuwa dalili ya kisukari. Mtu wa namna hiyo na amwone daktari, wala asiache dawa zake kwa sababu ya tarumbeta.

Watu wakionapo mpigaji akimwaga maji kutoka chombo chake, hudhani ni mate. Sivyo, mengi ni mvuke wa pumzi uliopoa ndani ya shaba, ndiyo maana huzidi asubuhi zenye baridi. Mpigaji huweza kumwaga maji hayo huku kinywa chake ni kikavu kabisa. Kwa hiyo huko kaburini aliyezoea kazi hangoji kiu. Kasisi aanzapo maombi, hugeuka kando kidogo, hunywa funda moja kutoka chupa yake mwenyewe, hulamba midomo, na kabla watu hawajaitikia Amina amekwisha kurudi mahali pake.