Kuridhika kwa Mgonjwa na Hali ya Maisha Yake: Mfano wa Mkoa wa Kilimanjaro

Katika kupima huduma za jamii umezuka mtindo wa kuuliza swali moja: Je, wananchi wameridhika? Ni swali la haki, kwani huduma isiyomsikiliza anayehudumiwa ni ya kibwanyenye, hata kama inatolewa bure. Lakini kwa watu wenye maradhi makubwa ya akili, swali hilo likiachwa peke yake hutupotosha. Makala hii inaeleza sababu, kwa kutazama Moshi na vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro.

Hatuna budi kukumbuka tulikotoka. Ukoloni ulimwona mgonjwa wa akili kama mtu wa kuondolewa njiani. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1927, na mgonjwa aliyeshindikana nyumbani alipelekwa huko, mbali na watu wake. Hakuna aliyemwuliza kama ameridhika.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 fikra nyingine ilipata nguvu. Vilianzishwa vijiji vya kilimo, kama Vikuruti karibu na Dar es Salaam, ambako aliyepata nafuu aliishi na kulima badala ya kufungiwa. Wenzetu wa Nigeria walikwisha kuonyesha njia: huko Aro, tangu mwaka 1954, Dk. Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa katika nyumba za wanakijiji. Kisha katika miaka ya 1980 mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro ilichaguliwa kuwa ya majaribio katika mpango wa taifa wa afya ya akili, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark. Shabaha ilikuwa kuitoa tiba katika hospitali kubwa na kuiweka mikononi mwa wauguzi na waganga wa zahanati. Hiyo ilikuwa hatua ya kimapinduzi, na haifai kuibeza.

Lakini tiba kufika karibu na nyumbani ni jambo moja, na nyumbani penyewe kukoje ni jambo jingine.

Tuchukue mfano wa kijana wa mlimani ambaye kila mwezi huchomwa sindano yake. Haokoti tena makopo stendi, hapigi mtu, hajarudi wodini. Akiulizwa na muuguzi, atajibu kwamba ameridhika na anashukuru. Atajibuje vinginevyo? Anayeuliza ndiye mwenye dawa. Pengine mama yake amekwisha kumjibia. Tena hana kipimo kingine cha kulinganisha, na mtu aliyezoea kufukuzwa huona kuitwa kwa jina lake kuwa ni fadhila. Kliniki itamwandika katika hesabu ya waliofanikiwa.

Sasa tumfuate hadi kwao. Miteremkoni mtu huhesabiwa kwa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa ambamo nyumba yake imo na wazee wake wamezikwa. Ardhi imejaa, na vihamba vimegawanywa hadi vimekuwa vipande. Siku ya kugawa, ndugu husema: huyu atalishwa, ya nini kumpa shamba? Basi analishwa. Analala kibanda cha nyuma, anakata majani ya ng'ombe asiyekuwa wake, na kahawa anayochuma inauzwa kwa jina la mwingine. Unyonyaji si lazima uje na mgeni mwenye kofia. Huweza kukaa nyuma ya mgomba na kuitwa huruma. Kwa mwanamke aliyeugua akiwa ameolewa, kisha akarudishwa kwa baba yake, mambo ni mazito zaidi.

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitunga kipimo cha hali ya maisha. Msingi wake ni kwamba hali hiyo ni jinsi mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake katika maisha, kwa mila anazoishi ndani yake, na kwa shabaha na wasiwasi alio nao. Kwa hiyo kijana wetu ameridhika na sindano, lakini hana nafasi.

Kinyume chake pia kipo. Yuko mgonjwa anayelalamika: dawa inamtetemesha mikono, inamnenepesha, anashindwa kushika jembe sawasawa. Tusikimbilie kumwita mkorofi. Mara nyingi huyo ndiye mwenye kazi ya kurudia na mke wa kumtunza, na kwa kuwa anatarajia mengi, hupungukiwa na mengi. Malalamiko yake ni sauti ya raia.

Wala tusijifiche nyuma ya sera. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, misamaha iliwekwa. Lakini msamaha hauleti dawa iliyokwisha dirishani, wala haulipi nauli ya kutoka Tarakea hadi Moshi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 zipo. Kwa hiyo mwanachama aliye katika halmashauri ya kijiji ana maswali ya kuuliza ambayo muuguzi hawezi kuyauliza: kihamba cha marehemu kilipogawanywa, yule mgonjwa aliitwa kikaoni? Alisema nini? Na fedha za kahawa ya msimu huu zimeingia mkononi mwa nani?