Ruzuku ya Watoto na Kipimo cha Kipato

Mwezi wa Agosti 1946, Uingereza ingali ikiuguza majeraha ya vita na mkate wenyewe ukigawiwa kwa kadi, akina mama walianza kupokea katika posta za mitaa yao shilingi 5 kila juma kwa kila mtoto aliyemfuata yule wa kwanza. Na fedha hizo, kwa hoja aliyoipigania mbunge Eleanor Rathbone kwa zaidi ya miaka 20, zilitiwa mkononi mwa mama wala si mwa baba, na hakuna aliyeulizwa mshahara wa mumewe. Rathbone mwenyewe alifariki Januari ya mwaka ule ule, asiyaone malipo ya kwanza.

Aghalabu wanaoijadili ruzuku hiyo husahau kwamba ina asili mbili, na ile ya pili ndiyo inayolifungua suala zima. Tangu bajeti ya Waziri wa Fedha David Lloyd George ya 1909, mlipa kodi mwenye watoto alianza kupunguziwa kodi ya mapato, kwanza yule wa kipato cha kadiri na baadaye hata yule wa kipato kikubwa, maadamu ilidhihirika kwamba watu wawili wenye mshahara mmoja, huyu analea watoto watatu na yule hana hata mmoja, hawawi sawa katika uwezo wa kuilipa Hazina. Sheria ya 1975, iliyopitishwa Barbara Castle akiwa waziri na kuanza kazi 1977, iliziunganisha njia hizo mbili: msamaha wa kodi ukaondolewa hatua kwa hatua, posho ya zamani ikafutwa, na mahali pake ikasimama ruzuku moja kwa kila mtoto, tangu wa kwanza. Kwa hiyo aipokeayo mzazi mwenye nafasi si sadaka. Ni haki ile ile aliyokuwa akiachiwa na mtoza kodi, ila sasa hupitia mkono mwingine.

Oktoba 2010, serikali ikitafuta namna ya kupunguza nakisi yake, Waziri wa Fedha George Osborne alitangaza kwamba walipa kodi wa daraja la juu wataikosa ruzuku. Utaratibu ulioanza tarehe 7 Januari 2013 ulikuwa huu: kwa kila pauni 100 zilizozidi 50,000 kwa mwaka, asilimia 1 ya ruzuku ilirudishwa kwa njia ya kodi, na kipato kilipofika 60,000 hapakubaki kitu. Viwango hivyo havikuguswa kwa miaka 11, ilhali bei na mishahara ilikuwa ikipanda, hata wakaingia katika hesabu ya matajiri watu ambao sheria ilipotungwa hawakukusudiwa. Ndipo Aprili 2024 vikasogezwa, ruzuku ikaanza kupungua penye 60,000 na kwisha penye 80,000.

Lakini kusogeza viwango hakukuiondoa dhulma iliyomo katika kipimo chenyewe. Sheria haiitazami nyumba. Humtazama mtu mmoja tu, yule mwenye kipato kikubwa zaidi. Mume na mke wanaopata 60,000 kila mmoja, yaani 120,000 chini ya dari moja, hupata ruzuku yao kamili, na mjane anayepata 80,000 peke yake, akiwalea watoto wa idadi ile ile na akimlipa yaya kwa saa anazokuwa kazini, haambulii hata peni moja. Machi 2024 Waziri wa Fedha Jeremy Hunt aliahidi kuleta kipimo cha nyumba nzima, na Oktoba ya mwaka huo mrithi wake Rachel Reeves akaiacha ahadi. Husemwa kwamba kazi hiyo ni ngumu, kwa kuwa tangu 1990 mume na mke hutozwa kodi kila mmoja mbali, na ni kweli. Tena utengano huo ni heshima kubwa kwa mwanamke, nami nisingependa uvunjwe. Lakini serikali isiyoweza kuipima nyumba kwa insafu haina haki ya kuihukumu nyumba hiyo kwa mfuko wa mtu mmoja.

Liko swali zito lisilofaa kupuuzwa: kwa nini mfagiaji wa ofisi alipe kodi ili mtoto wa wakili apate ruzuku? Jibu langu ni kwamba wakili na atozwe zaidi, lakini atozwe kwa kodi ya mapato, pamoja na mawakili wenzake wote. Kwa utaratibu wa sasa, wakili mwenye watoto hunyang'anywa, na mwenziwe mwenye mshahara ule ule asiye na mtoto haguswi kabisa, kana kwamba kulea ndilo kosa linalostahili faini.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Mzazi asiye na ajira anayeomba ruzuku huandikiwa michango ya Bima ya Taifa, inayohesabiwa katika pensheni yake, mpaka mtoto atimize miaka 12. Na wako akina mama waliojizuia kuomba kwa sababu ya mshahara wa waume zao, wakapoteza miaka ya pensheni pasipo kujua. Kwa hiyo ninyi wasomaji mnaolea watoto Uingereza na ambao viza zenu zinawaruhusu, jazeni fomu mapema mtoto azaliwapo, kwani malipo ya nyuma hayapiti miezi 3; na ikiwa kipato cha mmoja wenu kimezidi 80,000, ombeni vivyo hivyo, mkieleza kwamba hamtaki kulipwa, na aandikwe kuwa mwombaji yule asiye na ajira.