Sadaka Inayobaki: Wakfu na Nafasi Yake katika Maisha ya Wakaazi wa Mji Mkongwe

Katika barabara ya Mizingani, mkabala na bandari ya Malindi, limesimama jengo refu lenye roshani za mbao zilizonakshiwa kwa ustadi mkubwa. Wageni wengi wanaofika Unguja kwa boti hulipiga picha kabla hata ya kuingia vichochoroni. Jengo hilo, linalojulikana kwa jina la Dispensari ya Zamani, halikujengwa kwa ajili ya fahari. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, mfanyabiashara mzaliwa wa Kutch nchini India, kwa nia ya kuwapatia wagonjwa wasio na uwezo hospitali yao.

Tharia Topan alifariki mwaka 1891 kabla ya kuiona kazi hiyo ikimalizika. Jengo lilikamilika mwaka 1894, lakini hospitali aliyoikusudia haikuanza kama alivyotaka. Mnamo mwaka 1900 jengo lilinunuliwa kwa jina la mfanyabiashara mwengine, Haji Nasser Nurmohamed, na kutumiwa kwa kazi ya kheri: sehemu ya chini ikawa dispensari, na ghorofa za juu zikawa makaazi. Baadaye lilichakaa kwa kukosa matunzo, hadi lilipofanyiwa matengenezo makubwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan katika miaka ya 1990.

Historia ya jengo hili moja inatosha kueleza jambo ambalo kila jamii inapaswa kulizingatia. Moyo wa kutoa huanzisha jambo la kheri, lakini kinacholidumisha ni utaratibu na matunzo. Makala haya yanaeleza namna utoaji wa hiari ulivyoujenga Mji Mkongwe na vitongoji vyake, yaliyotokea pale utaratibu ulipokosekana, na wajibu wa mkaazi wa leo katika kuuendeleza urithi huo.

Aina tatu za utoaji

Kwa wakaazi wa Unguja, ambao wengi wao ni Waislamu, utoaji una sura kuu tatu, na kila moja ina kazi yake katika jamii.

Ya kwanza ni zaka, ambayo ni faradhi kwa mwenye mali iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka. Kiwango cha mali ya fedha hukadiriwa kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, na kinachotolewa ni asilimia mbili na nusu. Kwa mfano, mfanyabiashara aliyefikia kiwango hicho na kubaki na shilingi milioni 40 hutoa shilingi milioni moja. Fedha hiyo ni haki ya makundi maalumu yaliyotajwa na dini, wakiwemo mafakiri, masikini na wenye madeni. Anayeipokea anapokea fungu lake, na hapaswi kujiona ameomba.

Pamoja nayo ipo zaka ya fitri, inayotolewa mwishoni mwa Ramadhani kabla ya Sala ya Idi. Kila mwenye nyumba hutoa pishi moja ya chakula, aghalabu mchele, kwa kila mtu aliye chini ya ulezi wake. Pishi moja hukadiriwa kuwa kilo mbili na nusu hivi. Endapo shehia moja ina kaya 100 zenye uwezo, na kila kaya ina watu sita, hapo hupatikana pishi 600, sawa na tani moja na nusu ya mchele, bila ya mtu yeyote kutoa zaidi ya mfuko mdogo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni robo ya pishi.

Sura ya pili ni sadaka ya kawaida, isiyo na kiwango wala wakati. Humo mnaingia mchango wa msiba, maji yanayowekwa nje ya nyumba kwa ajili ya wapita njia, na sahani ya futari iliyofunikwa kawa ambayo mtoto hutumwa kuipeleka nyumba ya jirani kabla ya adhana ya Magharibi. Kwa desturi sahani hiyo hairudi tupu. Ndani ya ada hiyo ndogo imo hekima ya kijamii, kwani baina ya nyumba mbili zinazopelekeana chakula ni vigumu kujua nani anasaidiwa na nani anasaidia, na kwa njia hiyo heshima ya mnyonge huhifadhika.

Sura ya tatu ni wakfu, na ndiyo iliyoacha alama kubwa zaidi katika mji wetu. Kuweka wakfu ni kuizuia mali isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na kuyaelekeza manufaa yake kwenye jambo la kheri. Mchele wa fitri huliwa ukaisha; nyumba ya wakfu hubaki, na kodi yake hulipia mafuta ya taa ya msikiti, posho ya mwalimu wa chuo au chakula cha mayatima mwaka baada ya mwaka, hata baada ya mwenye kuiweka kufariki. Ndiyo maana wanazuoni huuhesabu wakfu kuwa miongoni mwa sadaka zenye kuendelea.

Mji uliojengwa kwa wakfu

Katika karne ya 19, Unguja ilipokuwa kituo kikuu cha biashara ya Afrika Mashariki na Bahari ya Hindi, watu wenye mali waliweka wakfu nyumba, maduka, visima, makaburi na mashamba ya minazi na mikarafuu. Shamba la karafuu nje ya mji liliweza kuuhudumia msikiti uliopo Malindi au Kiponda, na mapato ya nyumba ya Mkunazini yakaelekezwa kwa walimu na wanafunzi wao. Utaratibu huo haukuwa wa Unguja peke yake. Chuo cha Al-Azhar cha Cairo, ambacho wanazuoni wengi wa pwani yetu walikiheshimu, nacho kiliendeshwa kwa karne nyingi kwa mapato ya wakfu.

Wakfu ulikuwa na mgawanyiko wa aina mbili. Upo wakfu wa kheri, uliowekwa kwa ajili ya msikiti, masikini au umma kwa jumla. Upo pia wakfu wa familia, ambao manufaa yake yalikwenda kwa kizazi cha mwenye kuuweka na, kizazi hicho kikimalizika, kwa jambo la kheri. Baadhi ya waliojaaliwa mali waliacha pia nyumba na viwanja kwa ajili ya wategemezi wao, wakiwemo watu waliowahi kuwa watumwa wao, ili wapate mahali pa kuishi. Ni kweli kwamba kheri hiyo haiwezi kufuta dhulma ya utumwa. Hata hivyo, kwa mtu asiye na chochote, haki ya kukaa mahali bila ya kufukuzwa ilikuwa ndiyo mwanzo wa maisha mapya.

Funzo la Ng'ambo

Umuhimu wa haki hiyo ulidhihirika wazi katika eneo la Ng'ambo. Baada ya kufutwa kwa hadhi ya utumwa Unguja mwaka 1897, watu wengi walihamia huko na kujenga nyumba za miti na udongo. Nyumba zilikuwa zao, lakini ardhi haikuwa yao. Kwa muda mrefu walikaa kwa ridhaa ya wenye ardhi, ama bila ya malipo ama kwa malipo madogo.

Mji ulipokua na ardhi kupanda thamani, kodi za viwanja zilianza kudaiwa na kupandishwa. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kuzilipa. Miongoni mwa hoja zao ilikuwa ni kwamba sehemu ya ardhi hiyo iliwekwa wakfu kwa ajili ya masikini kuishi, na kwamba kilichotolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hakifai kugeuzwa kuwa chanzo cha faida ya mtu.

Funzo la tukio hilo halijapitwa na wakati. Nia njema isiyoandikwa, isiyo na mashahidi na isiyo na msimamizi huweza kupotea mara tu thamani ya mali inapoongezeka. Wanaoumia ni wale wale waliokusudiwa kusaidiwa.

Usimamizi wa wakfu

Mali za wakfu zilianza kuwekewa usimamizi wa kiserikali mwanzoni mwa karne ya 20, na Amri ya Mali za Wakfu ya mwaka 1907 ni miongoni mwa sheria za mwanzo za eneo hilo. Hivi sasa jukumu hilo ni la Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana Zanzibar, inayofanya kazi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007. Pamoja na kusimamia wakfu, Kamisheni hushughulikia mirathi ya Waislamu, ukusanyaji na ugawaji wa zaka na sadaka, na uratibu wa shughuli za Hija.

Changamoto kubwa ya wakfu katika Mji Mkongwe ni matunzo. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti. Nyumba ya namna hiyo hudumu kwa muda mrefu ikiwa paa lake halivuji. Maji ya mvua yakipenya, chokaa hulegea, boriti huoza, na ufa mdogo wa mwaka huu unaweza kuwa ukuta ulioanguka baada ya masika kadhaa.

Wakati huohuo, wapangaji wengi wa nyumba za wakfu ni watu wa kipato cha chini, na kodi ndogo wanayolipa ni sehemu ya msaada wenyewe. Ikipandishwa kufikia bei ya soko, huenda mjane aliyekaa humo miaka mingi akalazimika kuhama ili apishe nyumba ya wageni. Ikibaki chini mno, nyumba hukosa fedha za matengenezo na mwisho humuangukia mjane yule yule. Sheria ya Kiislamu inatoa muongozo katika hali hiyo: mapato ya wakfu huanza kutumika kuihifadhi mali yenyewe, na kinachobaki ndicho kinachogawiwa wanufaika. Kwa maana hiyo, fedha ya kuziba paa ni utekelezaji wa nia ya aliyeweka wakfu.

Jambo hili linagusa pia hadhi ya mji kwa jumla. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, inasimamia uhifadhi wake. Nyumba ya wakfu inayotunzwa humhifadhi mkaazi na kuuhifadhi mji kwa wakati mmoja.

Wajibu wa mkaazi

Anayekusudia kuweka wakfu anashauriwa kuzingatia mambo machache. Awe na akili timamu na awe mmiliki halali mwenye nyaraka za mali hiyo. Mali iwe ya kudumu na yenye manufaa. Wanufaika watajwe bila ya utata, msimamizi atajwe, na atajwe pia atakayeshika nafasi yake. Tamko liandikwe mbele ya mashahidi na wakfu usajiliwe Kamisheni. Aidha, anayeweka wakfu akiwa katika maradhi ya kufishwa hufungika na thuluthi ya mali yake, ili haki za warithi zisidhulumiwe.

Si lazima mtu awe na nyumba nzima. Familia au majirani wanaweza kushirikiana kuchimba kisima, kuchangia gharama za paa la chuo au kununua mali ndogo yenye kipato. Mpangaji wa nyumba ya wakfu naye ana sehemu yake katika kheri hiyo: kulipa kodi kwa wakati, kutoa taarifa mapema ukuta unapopasuka au paa linapovuja, na kutoipangisha tena nyumba kwa mtu mwengine kwa faida. Sheha na wazee wa mtaa, ambao wanazijua kaya moja baada ya nyengine, wanaweza kuelekeza zaka na sadaka zifike kwa wanaostahiki, hasa wale wanaoona haya kuomba.

Kwa upande wa wasimamizi, kinachojenga imani ya watoaji ni uwazi. Mtu anayejua kodi ya nyumba ya wakfu ni kiasi gani, imetumika wapi na imebaki ngapi, hatasita kuongeza ya kwake.

Kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini moyo wa mtoaji husimama siku anapofariki, na kuanzia hapo amana huwa mikononi mwa waliobaki. Tharia Topan hakuwahi kumuona mgonjwa hata mmoja akitibiwa katika jengo lake. Waliokuja baada yake ndio waliofungua mlango. Nyumba, visima na misikiti tuliyoachiwa vinasubiri uangalizi huo huo kutoka kwetu, kabla ya masika mengine kuingia.