Rundo la pili jamvini

Msimu wa karafuu ukiingia Pemba, jioni ni ya kuchambua. Mapolo humiminwa jamvini, wakubwa kwa wadogo wakakaa kuyazunguka, kila kichala kikasokotwa kwenye kiganja: karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Kesho yake karafuu huanikwa. Jua likikubali hukauka kwa siku tatu au nne, na uzito hubaki kama theluthi moja. Rundo hilo ndilo lenye bei midomoni mwa watu. Mimi hesabu yangu iko kwenye rundo la pili.

Makonyo hununuliwa na Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar, ZSTC, na kupelekwa kiwandani Wawi, Chake Chake. Humo mvuke hupenya kwenye makonyo, hubeba mafuta, hupozwa ukawa maji tena. Hapo utaona jambo la kupendeza: mafuta ya karafuu hayaelei kama mafuta mengine, huzama, kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Kilo 100 za makonyo hutoa kilo 5 au 6 hivi za mafuta. Karafuu yenyewe hutoa zaidi ya 15.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa makonyo hata asilimia 90, ni kemikali iitwayo yujenoli. Ndiyo inayonukia tunapotafuna karafuu, na ndiyo daktari wa meno huchanganya na oksaidi ya zinki kuzibia jino. Mafuta ya karafuu yenyewe yana pia kemikali nyingine zinazolainisha harufu, kwa hiyo mtengeneza manukato huyalipia zaidi. Pua hutambua tofauti hiyo. Linda Buck na Richard Axel waligundua mwaka 1991 jeni za vipokezi vya harufu, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2004: binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo, na kila mchanganyiko huamsha vyake.

Kwa hiyo biashara ya harufu hulipa utenganishaji. Anayeuza mafuta ghafi kwa pipa hupata bei ya pipa. Anayeyachuja hadi yakabaki yujenoli tupu huuza kwa viwanda vya manukato, dawa na vanila ya maabara. Hatua hiyo ndiyo ningependa ifanyike kisiwani.

Mshindani yupo, tena mkubwa. Indonesia ilikuwa mnunuzi wa karafuu ya Zanzibar kwa ajili ya kretek, sigara zake zenye karafuu, kisha ikapanda yake, na leo inaongoza duniani. Wakulima wake huokota hata majani ya mkarafuu yaliyopukutika na kuyachemsha kupata mafuta. Pemba haitaishinda kwa wingi. Lakini mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja, ukafuata mwaka au miaka ya uchache, na familia iliyokodi miti mwaka mbaya huumia kweli. Majani, yenyewe, hudondoka kila mwaka.

Wawi huchemsha pia majani ya mdalasini na mchaichai, maana yake mafundi wapo na mvuke upo. Kinachotakiwa ni mnara wa kutenganishia mafuta, maabara ya kuthibitisha usafi wake, na bei ya kilo ya majani makavu itakayomfanya mama wa wilaya ya Mkoani, Pemba, aone faida ya kufagia chini ya mikarafuu yake.