Mapacha, uzani mdogo na joto la kifua

Katika Soko la Toi, pembezoni mwa Kibera, meza za mitumba ya watoto wachanga hazikosi wateja. Mama wa mapacha hununua kila kitu mara mbili, kisha akifika nyumbani anakuta hata rompa ndogo kabisa inawapwaya. Imeshonewa mtoto wa kilo tatu na ushei, ilhali mapacha wengi huzaliwa chini ya kilo mbili na nusu.

Uzani huo ndio kiini cha hatari. Utafiti wa Christiaan Monden na Jeroen Smits uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara, pacha 1 kati ya 5 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, takriban mara tatu ya mtoto aliyezaliwa peke yake. Si laana, wala si kosa la mama. Tumbo likibeba wawili, uchungu huanza mapema, na zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Mapafu hayajakomaa, nguvu za kunyonya ni chache, mafuta chini ya ngozi ni haba. Pacha wa pili ana hatari yake zaidi: wa kwanza akishatoka, kitovu kinaweza kutangulia au kondo la nyuma likaanza kubanduka.

Wengi hukimbilia blanketi nene. Lakini blanketi halitengenezi joto, huhifadhi tu lililopo, na mtoto wa kilo moja na nusu hana la kutosha kuhifadhiwa. Dawa yake ni kifua cha mama: mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi tu, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande apumue, leso imefungwa imara. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, matokeo yakatolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuanza hivyo mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo vya watoto wadogo sana kwa robo. Kwa mapacha, baba na nyanya nao wapokezane, kwa saa zisizopungua nane kila siku. Asiyeweza kunyonya akamuliwe maziwa ya mama, anyweshwe kwa kikombe.

Naona ni makosa makubwa mama kugundulia chumba cha kujifungulia kwamba amebeba wawili. Dada, omba skani kabla ya wiki ya 24. Ikionyesha mapacha, uliza kama wanatumia kondo moja, kwa sababu hao huhitaji kupimwa mara nyingi zaidi. Jifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na nasari ya watoto wachanga. Mbagathi na Kenyatta haziko mbali na Kibera. Na gari la kukupeleka usiku, lipange sasa.