Rudisha Ile ya Kwanza

Kuna meseji moja kila msee wa dizaini hii Kanairo anaijua. Haiingiangi mchana. Inangoja saa tano usiku, ushajifunika blanketi, ndio simu ilie: "Niaje chifu. Nimeonyesha wasee wa base, wanasema ile ya kwanza ndio ilikuwa inabamba."

Ile ya kwanza. Ati gani? Juu hizi wiki tatu mmezungushana kama mathree inasaka watu saa nane mchana. Weka rangi iwake. Punguza, imewaka sana. Si ni kama sasa imezima? Songesha hiyo jina juu. Rudisha. Na wewe, juu diposi ulishaimanga kitambo na unataka tu hii kazi iishe, ulikuwa unafungua faili moja, unabadilisha, unasevu papo hapo. Tena na tena. Ile ya kwanza iko chini ya zingine nane, na ni wewe uliirushia mchanga.

Mimi hiyo ngori ilinipata na nganya. Jamaa alikuwa anaunda gari mpya ya laini ya Rongai, akanipea kazi ya kuchora venye ubavu utakaa kabla msee wa spree aguse bodi. Ya kwanza niliipika usiku mmoja, ngoma maskioni, mkono ukienda wenyewe. Simba amegeuza kichwa, moshi wa zambarau unatoka kwa manyoya, na jina la gari nimeliandika na mkono wangu, sio fonti ya kuokota mtandaoni. Akasema ni poa, lakini. Hiyo "lakini" ndio ilitubeba wiki tatu. Kufikia mwisho simba amekuwa chui, chui amepewa miwani, moshi umetolewa, jina liko na rangi tatu. Na kwa lapi kulikuwa na faili moja tu: nganya_final.

Meseji ilipoingia nilikaa kitandani nikihesabu masaa. Kuchora simba upya ni siku mbili, na hata ukimchora hatakuwa yule. Wasanii mnanipata. Mkono haurudiangi njia.

Nikapigia dem flani tunachapanga naye kazi, yeye ni wa kukata video. Hakunipea hata pole. "Brathe, hiyo folda yako si iko Drive?" Nikamwambia iko, lakini Drive nayo iko na chui, juu kila nikisevu lapi inasinki. Akacheka mpaka nikaskia vibaya. "We ingia kwa brauza. Bonyeza faili na upande wa kulia wa mausi, ingia taarifa ya faili, halafu pale pa kusimamia vasheni."

Nikaingia. Manze, kulikuwa na listi nzima imekaa pale kimya: tarehe, saa, jina langu. Nikashuka nayo hadi ya chini kabisa, nikaivuta kwa lapi, nikafungua. Simba akaniangalia.

Jasho lilinitoka baadaye, niliposoma vile hii maneno inafanya. Faili zenye hazikuzaliwa ndani ya Google Drive yenyewe, yaani Photoshop, PDF, ngoma, video, inakushikia vasheni zao za zamani siku 30, ama mpaka zifike 100, halafu inaweza kuzifagia. Yangu ilikuwa imemaliza siku 26. Siku nne zingine za "songesha kidogo" na ningebaki na chui wa miwani. Iko mahali pa kuambia Drive ishike vasheni moja milele, na tangu hiyo usiku huwa napagusa kila kazi ikitoka mkononi mara ya kwanza, kabla hata klaenti aione. Ile yenye bado hakuna mtu ameikanyaga.

Sasa wasee mob watakwambia kazi yao iko kwa wingu, so wako sawa. Wacha nikuchanue. Kusinki ni kioo, ukikunja uso nacho kinakunja. Ukidiliti folda kwa lapi, inatoka kwa wingu, inatoka kwa simu, na hata kwa lapi ya yule mnashea naye inaweza toka. Drive itakuwekea hiyo folda kwa takataka siku 30, afadhali hiyo. Lakini ukisevu upuzi juu ya kazi safi, hakuna kitu imeenda takataka. Faili iko, jina ni lile lile, na upuzi umepanda kila mahali mbio mbio, na kama waifai iko fiti utapanda kabla ujute. Ukipigwa ngeta Koja ama lapi imwagikiwe chai, wingu litakusort. Siku mwizi ni wewe mwenyewe, saa tisa usiku, macho yamevimba, hapo utaitia vasheni.

Hata wakubwa washaonja. 1998, pale Pixar, kuna mtu alipiga komandi ya kufuta kwa mashine zenye zilibeba Toy Story 2. Wasee wakaanza kuona vitu vya Woody vikipotea mbele ya macho yao. Wakakimbilia bakapu, kumbe bakapu ilikuwa imeharibika kitambo na hakuna mtu alikuwa ameshtukia. Mwenye aliokoa jahazi ni Galyn Susman, mmoja wa mabosi wa upande wa tekniko. Alikuwa amejifungua, anafanyia kazi kwa keja, hivyo kulikuwa na kopi kwa mashine yake ya nyumbani. Ilibebwa kwa gari imefungwa blanketi kama katoto. Filamu ikatoka 1999. Halafu kuna kipande watu huruka wakipiga hii risto: baada ya hiyo presha yote, Pixar walikaa chini wakaona stori yenyewe haijaiva, wakapika sehemu kubwa upya. Sanaa, wacha tu.

Wasee wa ngoma, nyinyi mko na mtego wenu. Faili ya FL Studio, ile inaishanga na .flp, ni ndogo juu inaandika tu venye mambo yamepangwa na sampo zimelala folda gani. Unaweza rudisha biti ya wiki jana, ifunguke vizuri, alafu kimya. Kiki haiko, vokali haziko, juu katikati ya wiki ulipanga folda zako vile mathe hupanga stoo. So siku biti imeiva itoe kama zipu, FL yenyewe iko na hiyo njia, ndio sampo zitembee na mwenyewe.

Kwa video ni kinyume, na huyo dem alinieleza na maneno yenye hayajanitoka. Shuti haibadilikangi, kukata ndio kunabadilika. Kwa hivyo shuti, zile magiga zote, ziko kwa hadi diski mbili na hazisumbuliwi. Faili ya Premiere, yenye ni megabaiti chache, ndio iko Drive ikipanda na kushuka. Anaweza rudi kwa kata ya Jumanne iliyopita na data yenye haiwezi hata kufungulia mtu TikTok.

Nafasi nayo ni stori. 15 GB za bure za Google unagawana na Gmail, na Google Photos, na ukiwa wa Android siku hizi hata bakapu ya WhatsApp inamanga humo humo. Zile vasheni umesema zishikwe milele pia zinahesabiwa. Yaani zile video za "amka na baraka" za kikundi cha familia zinapigania kiti na simba wangu. Nimefuta baraka mob, Mungu anisamehe. Dropbox ya bure ni 2 GB, historia ni siku 30, lakini iko na ujanja: inakata faili vipande vya hadi 4 MB na kutuma tu vile vimebadilika, na kama unaungia data ya simu utahisi hiyo. OneDrive ya bure ni 5 GB, na kwa akaunti ya kawaida unapata vasheni 25 za mwisho. Kama wewe ni wa kusevu kila dakika mbili juu stima za kwenu hazina adabu, 25 zinaweza isha kabla ya chai ya saa nne.

Na hapo kwa data ndio wengi tunateleza. Kuna wasee huzima kusinki siku nzima ndio wasichome bando, wanangoja waifai ya chuo jioni. Sawa, hata mimi. Lakini wingu halijui kitu hukulitumia. Ukisevu mara kumi ukiwa ofulaini, jioni itapanda ile ya kumi peke yake, na hizo tisa ni hewa. So ukiwa umezima, ile ya asubuhi ipee jina lake na uiache hapo, sevu ya mchana iwe faili ingine. Ni ushamba, najua. Inafanya.

Waandishi ndio wako na raha, juu Google Docs inashika karibu kila kitu, unaweza hata kupea vasheni jina, na ukirudisha ya zamani ile mpya haipotei, inabaki kwa listi. Tatizo ni moja. Mwenye umempea ruhusa ya kuedit anaiona hiyo historia yote. Mimi nilishawahi andika juu ya skripti maneno flani kuhusu klaenti na ubahili wake, nikafuta, nikamtumia linki ya kuedit. Alilipa siku hiyo hiyo bila kuongea. Hadi leo sijui kama aliona.

Nganya iliingia barabarani na simba, moshi wa zambarau na kila kitu. Juzi mwenyewe akanitext, saa tano usiku kama kawa: anataka kubadilisha ubavu wa kushoto kidogo tu, na kuna msee base amemuuliza yule chui alienda wapi.

Nikamjibu, "Mwenye miwani ama bila?"